Krediti zangu 60 "zilipokelewa zote": uzoefu wangu wa kusomea usimamizi wa dharura na usalama wa ndani Marekani

Ukiwa na digrii ya miaka miwili ya chuo cha jamii hapa Marekani na unataka kuendelea hadi shahada, kuna neno utaambiwa: "zimepokelewa". Nakuomba ndugu yangu, usilishangilie kabla hujauliza swali la pili. Mimi nilishangilia. Nilikuwa nimeegesha gari la wagonjwa nje ya hospitali hapa Houston, kumekucha, zamu ya usiku inaisha, mshauri wa masomo wa chuo kikuu nilichoomba akanipigia kuniambia krediti zangu zote 60 zimepokelewa. Nilimpigia mke wangu pale pale. Shahada ni krediti 120, kwa hiyo nikajua nimeshafika nusu ya safari.

Wiki chache baadaye ikaja karatasi inayoonyesha kila krediti imeangukia wapi. Kweli zilikuwa zimepokelewa. Ila 24 tu ndizo zilizoingia kwenye masomo yanayotakiwa. Zile 36 zilizobaki, yaani karibu masomo yangu yote ya uparamediki, ya kuhudumia majeruhi na wagonjwa kabla hawajafika hospitali, zilitupwa kwenye kapu la masomo ya hiari, na kapu lenyewe lina nafasi ya krediti 12 tu. Nyingine 24 zipo zipo. Zimeandikwa, zinasomeka, na hazihesabiki popote. Kozi moja ni krediti tatu, kwa hiyo badala ya kozi 20 nikajikuta nina kozi 28 za kusoma na kulipia.

Nikampigia simu mshauri yule. Sikupiga kwa hasira, Mungu ni shahidi wangu. Nilimuuliza kwa adabu kabisa: mtu aliyesomea namna ya kupanga majeruhi basi likipinduka, nani apelekwe kwanza na nani asubiri, anakosaje hata krediti moja kwenye fani inayoitwa usimamizi wa dharura? Akanijibu kwamba nilichosomea mimi ni ufundi, na wao wanafundisha uongozi. Halafu akaongeza, sauti yake haijabadilika hata kidogo, kwamba labda mtu wa aina yangu angefaa zaidi kubaki kwenye gari la wagonjwa.

Mtu wa aina yangu. Dakika mbili kabla ya hapo alikuwa amenirudisha mara tatu kwenye jina langu, kila mara akiuliza "nini?" kama vile nimemkosea. Nilinyamaza, nikasema asante, nikakata simu. Hiyo asante naijutia mpaka leo.

Najua yupo atakayesema kosa ni langu. Ni kweli digrii za miaka miwili ziko za aina mbili, ile inayokuandaa kwenda chuo kikuu na ile ya fani, na vyuo vikuu vingi vinasita kuikubali hii ya pili. Sikulijua hilo nilipoanza. Lakini yeye alilijua! Ndiyo kazi yake. Alikuwa na karatasi zangu mbele yake siku ile aliponifurahisha kwa simu, na angeweza kusema sentensi moja zaidi.

Kozi ya kwanza niliyolazimishwa ilikuwa utangulizi wa huduma za dharura. Wiki ya pili tukafundishwa jinsi wahudumu wa gari la wagonjwa wanavyoripoti kwa kamanda wa tukio. Usiku uliotangulia nilikuwa nimefanya hicho hicho kwenye ajali ya barabara ya I-10, mvua inanyesha. Kazi ya nyumbani ilikuwa IS-100, yale mafunzo ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kusimamia dharura, kuhusu mfumo wa amri ya tukio, yaani nani anaongoza nani kwenye eneo la ajali au janga, ambayo mtu yeyote anayafanya bure mtandaoni akishachukua namba ya mwanafunzi. Cheti chake ninacho, pamoja na cha IS-200, IS-700 na IS-800, maana mwajiri wangu alivitaka vyote. Nikavituma. Vikarudishwa, eti tarehe zake ni za kabla ya muhula. Nikakaa chini nikarudia mtihani wa bure ndani ya kozi ninayoilipia pesa.

Mfumo huo wenyewe ulizaliwa baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, kwa sababu vikosi vilivyotoka sehemu mbalimbali vilifika motoni kila kimoja na maneno yake na mkubwa wake, wakashindwa kufanya kazi pamoja. Kiini chake ni kwamba ukitoka kikosi kingine, nikutambue kwa kile unachoweza kufanya. Chuo kinachofundisha jambo hilo kilishindwa kulitenda kwa mwanafunzi mmoja.

Muhula ule nilitaka kuacha. Nilishaandika hadi barua ya kujitoa. Kilichonizuia ni mwalimu mmoja, na hapa lazima niseme haki.

Alifundisha kozi ya kujiandaa na kupunguza madhara. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya dharura ya kaunti, na siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alimuuliza kila mmoja wetu ameishi janga gani. Nikamweleza ile baridi ya Februari 2021, umeme ulipokatika sehemu kubwa ya Texas na watu wakakaa siku kadhaa gizani, nje barafu. Hesabu ya jimbo ilikuja kuwa vifo 246. Nikamweleza na kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu yeyote kazini: tulivyoingia kwenye fleti moja usiku na kukuta jiko la mkaa katikati ya sebule. Kwetu jiko ukiliingiza ndani, nyumba ina matundu juu ya dirisha, hewa inapita, na bado watu wanakufa. Nyumba za hapa zimezibwa kila mahali ili joto lisitoke. Kaboni monoksidi haina harufu. Mama tuliyemtoa alikuwa Mkongo, aliponisikia nazungumza Kiswahili akanishika mkono: "Mwanangu, tulikuwa tunaota moto tu." Alipona. Tahadhari zilikuwa zimeshatumwa kwenye simu, naye zilimfikia, kwa Kiingereza.

Mwalimu akasema hiyo ndiyo iwe kazi yangu ya muhula: mpango wa kufikisha onyo la mkaa na jenereta kwa watu wanaozungumza Kiswahili na Kinyarwanda kwenye majengo yetu. Nikaandika kurasa kumi na mbili kwa bidii, wachungaji, maimamu, makundi ya WhatsApp, kila kitu. Akanirudishia na maelezo yaliyojaa pembeni, na chini kabisa swali moja: na mchungaji simu yake ikiisha chaji siku ya pili? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa watu wenye umeme. Swali lile lilinifundisha kuliko kozi tatu zilizotangulia, na kwa ajili yake tu naweza kumwambia mtu ajiunge.

Nusu nyingine ya jina la shahada, usalama wa ndani, ndiyo inayokula kozi nyingi zaidi, na hilo silipendi. Houston inazama kwa maji, mafuriko ya kimbunga Harvey ya 2017 kila mtu anayakumbuka, lakini tunasoma mipaka na ugaidi kuliko mafuriko. Mwalimu yule alitueleza jinsi mambo haya mawili yalivyounganishwa: FEMA ilianzishwa 1979 wakati wa Rais Carter, mwaka 2003 ikaingizwa ndani ya Wizara ya Usalama wa Ndani iliyotokana na shambulio la Septemba 2001, kisha kimbunga Katrina cha 2005 kikaonyesha jinsi ilivyodhoofika, hadi sheria ya 2006 ikairudishia nguvu. Kitabu chetu historia ya ugaidi inaanza 2001. Mimi nilikuwa mtoto Dar es Salaam Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa. Watu 11 walikufa kwetu na zaidi ya 200 Nairobi siku hiyo hiyo, na kitabu kimewapa mstari mmoja. Niliponyanyua mkono, mwalimu yule alinipa nusu saa nzima niongee. Darasa lilikuwa kimya.

Basi nilikuwa nimeshaanza kupoa. Nilikuwa hata nimeshawaambia vijana wawili wa kanisani kwetu wajaribu chuo hiki. Ndipo ikaja semina ya ajira, na nani anaiongoza? Mshauri yule yule. Slaidi baada ya slaidi za kazi za serikali ya shirikisho. Nikauliza kuhusu uraia. Akasema ndiyo, karibu zote zinataka raia, akapita kwenye slaidi inayofuata. Nina grini kadi. Kuomba uraia kwa kawaida ni mpaka utimize miaka mitano. Darasa letu lina Mnigeria, Mfilipino na Waethiopia wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa jambo hilo kabla ya kulipa ada. Kwenye kaunti na hospitali mlango ni mpana zaidi, hilo nililijua kwa mwalimu yule, nje ya darasa, kwa sababu nilimuuliza.

Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Wale vijana wawili nimewarudia, nikawaambia wasilipe hata senti kabla hawajapewa kwa maandishi orodha ya kila krediti na mahali inapoangukia. Neno "zimepokelewa" lisiwatoshe. Mmoja ameshaacha. Mwingine ameomba nimuunganishe na mwalimu yule, nami nimemuunganisha kwa moyo wote.

Mimi nimebakiza kozi 17. Barua pepe yangu ya tatu kwa mshauri bado haijajibiwa. Nimeuliza jambo moja tu: zile krediti zangu 24 zisizohesabiwa popote, ni nani hasa aliyekaa akazisoma?