Bwawa la Nyumbani: Kina Kimoja au Sakafu ya Mteremko?

Chukua bwawa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Likichimbwa kwa kina kimoja cha mita 1.4, litabeba lita 44,800 za maji. Sakafu ikiteremka sawasawa kutoka mita 1 hadi mita 2.4, litabeba lita 54,400. Lita hizo 9,600 za ziada zitahitaji klorini na kuchujwa mwaka mzima, hata kama hakuna anayefika upande wa kina kirefu.

Wanaopendelea mteremko husema kwamba bila kina kirefu hakuna kupiga mbizi. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Msalaba Mwekundu wa Marekani hushauri kina kisichopungua takriban mita 2.7 kwa anayejirusha kichwa mbele, kiasi ambacho mabwawa mengi ya nyumbani hayakifikii. Ni kweli, hata hivyo, kwamba upande wa mita 1 humfaa mtoto mkubwa kidogo anayejifunza.

Lakini mtazame mtoto huyo akitembea: maji yapo kifuani, hatua mbili mbele yapo kidevuni, na vidole vya miguu vinateleza kwenye vigae vilivyoinama. Katika kina kimoja mtu mzima husimama popote na kumnyanyua mara moja, ingawa mtoto mdogo huhitaji kusimamiwa katika bwawa lolote. Kwa familia ya kawaida, mimi ningechimba mita 1.4, na kuweka ngazi pana pembeni.