Uchambuzi: njia za mkato za Windows 11, na kile kisanduku cha Target mnachokipita

Karibuni watazamaji, karibuni sana. Leo tunachambua kitu ambacho tayari kimo kwenye kompyuta yako na hukilipii hata senti: njia za mkato za eneokazi kwenye Windows 11, yaani zile aikoni za kufungulia programu. Kuziweka mnajua, kwa hiyo sikai hapo. Unafungua menyu ya Start, unaikokota programu mpaka kwenye eneokazi, basi. Ikigoma kukokoteka, bonyeza Windows na R, andika shell:AppsFolder, gonga Enter. Programu zote zimo humo, bofya kulia uchague Create shortcut.

Sasa tazama hapa. Nabofya aikoni ya Chrome mara moja tu, halafu Alt na Enter. Dirisha la Properties hilo. Huo mstari wa Target, unaosema aikoni hiyo ifungue nini, jamani, ndio wenye utamu wote! Na watu wanaupita kila siku wakikimbilia Change Icon.

Chukua mhudumu wa saiba. Kompyuta moja, Chrome ina profaili ya kazi na profaili yake binafsi, na kutwa nzima wateja wanataka eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Nenda mwisho kabisa wa Target, baada ya chrome.exe na alama yake ya kufunga nukuu. Gonga nafasi moja. Kisha andika:

--profile-directory="Profile 1" --app=https://www.ecitizen.go.ke

Apply. Nabofya mara mbili... mnaona hiyo? Dirisha safi, halina vichupo, halina mstari wa anwani, na limefunguka kwenye profaili ya kazi bila kuuliza. Hebu nifunge nifungue tena. Safi kabisa!

Twende polepole, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile nafasi moja ni lazima, na maneno yote mapya yakae nje ya nukuu za chrome.exe. Ukiyaingiza ndani, Windows inadhani hilo lote ni jina la faili, inakukatalia kwamba ulichoandika kwenye Target si sahihi. Pili, "Profile 1" si lile jina unaloliona kwenye Chrome. Unaweza kuwa umeiita "Kazini", lakini folda yake ina jina jingine. Ukiwa ndani ya profaili hiyo, fungua chrome://version, tafuta Profile Path, chukua kila kilicho baada ya alama ya \ ya mwisho kwenye mstari huo, kama kilivyo. Ukiandika "Kazini", Chrome inakutengenezea profaili mpya tupu, halafu unaanza kulia kwamba alamisho zako zimepotea. Hazijapotea, ziko kwenye folda yake ileile.

Linaloniudhi ni hiki kisanduku chenyewe. Chembamba, hakipanuki, unasoma kipande kipande. Andika kwenye Notepad kwanza, halafu bandika. Usitumie Word, kwa sababu inapinda alama za nukuu na hizo zilizopinda Windows haizitambui kama nukuu.

Chini yake kuna Shortcut key. Bofya ndani, gonga E tu, inajijaza Ctrl + Alt + E. Nzuri sana, ila aikoni ibaki kwenye eneokazi au menyu ya Start. Ukiihamishia Documents, vitufe vinakufa. Na programu zile za Microsoft Store zina Target iliyofifia, huwezi kuigusa.

Aikoni sasa, kwa haraka. Windows inataka faili la .ico, na kubadilisha jina la .png hakulifanyi kuwa .ico. Liweke mahali pa kudumu. Ukiliacha kwenye flashi ukaichomoa, siku moja utakuta karatasi nyeupe badala ya picha. Kwenye Mac unabandika picha moja kwa moja pale Get Info. Hapo Apple wako mbele, nasema wazi. Kuna wanaoniuliza kuhusu Fences ya Stardock: ni ya kulipia, inapanga aikoni kwenye maboksi, na inapendeza. Kwa kazi ya leo huihitaji.

Walio kwenye Windows 10, hatua ni zilezile, ila msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, lifikirieni hilo.

Na Target inakulinda pia. Flashi ikikuonyesha folda zako zimegeuka njia za mkato, usibofye. Bofya kulia, Properties, soma. Ukiona cmd.exe au wscript.exe, hicho ni kirusi, folda zako zimefichwa tu. Video ijayo ni ya kuzirudisha kwa amri ya attrib, kwa hiyo jiunge na chaneli na uwashe kengele isikupite.

Ukikwama, bandika mstari wako mzima wa Target kwenye maoni, utaje na toleo la Windows. Kama ndani kuna jina lako la mtumiaji, lifute kwanza.