Dishi letu la Machomane: ninachokisifu na kinachonikera

Kwa wenye haraka, hukumu yangu hii hapa: king'amuzi cha dishi kwa mtu wa Pemba kinafaa, lakini usikinunue kwa maneno ya muuzaji. Kampuni siitaji, maana mengi yanayonikera mimi nimeyasikia pia kwa majirani waliochukua cha kampuni nyengine.

Kabla yake tulikuwa na king'amuzi cha antena. Chaneli zake chache na picha hukatikakatika, ila taarifa ya habari ya saa mbili tuliipata na Mama hakuwa na shida nacho. Waliotaka dishi ni wadogo zangu, kwa ajili ya mpira, na mimi, nisiseme uongo, kwa ajili ya Waturuki.

Hao Waturuki nawasifu bila kinyongo. Tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili ndizo zilizokiingiza kifaa hiki katika nyumba nyingi za mtaani kwetu Machomane, hapa Chake Chake, na ukipita usiku unaweza kuifuata hadithi dirisha kwa dirisha mpaka ufike kwako usiwe umepitwa na kitu. Wanaotia sauti wanaijua kazi. Anayemsemea mama mkwe anajua kununa, na anayewasemea wapambe wa sultani anajua kutamka jambo huku akikusudia jengine. Kasoro ni kuwa watu wenyewe hawatoshi: waziri aliyekatwa kichwa Jumanne anarudi Alkhamis katika tamthilia nyengine, safari hii ni daktari wa moyo Istanbul. Mama humwitikia salamu. Na Kiswahili chote ni cha Dar es Salaam. Hata babu wa shamba kule Anatolia anazungumza kama kijana wa Kariakoo. Ningependa siku moja nimsikie sultani akifoka Kipemba, japo kwa kipande kimoja, nione watu wa Chake watacheka au watanyamaza wasikilize.

Marudio yamezidi, hilo nalo niliseme. Kipindi ulichokitazama jana usiku utakikuta asubuhi na mchana.

Sasa mvua. Mwenye duka hakututajia mvua, na sisi tunakaa kisiwa ambacho masika yake yanajulikana. Mawimbi ya dishi yanapita katika wingu kabla ya kutufikia, na matone makubwa huyanyonya, kwa hiyo mvua ikishika sawasawa kioo kinabaki cheusi na maandishi ya kukwambia hakuna mawimbi. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana wa watu aliniambia nizime, nichomoe kadi, niwashe tena. Nikamuuliza kama kuchomoa kadi kunazuia mvua. Akanishukuru kwa kuwa mteja wao.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mtu mzima wa Wawi. Alipanda, akashuka na kipande cha waya mkononi, akasema: "Mwanangu, dishi lenyewe dogo, na hapa kwenye kiungio pameshaota kutu." Hewa yetu ya chumvi haichelewi kula chuma. Akatuwekea dishi kubwa zaidi, la sentimita 90, akavifunga viungio kwa mpira visipate maji, akaligeuza kidogo maana linatazama magharibi na upande huo kuna mwembe wa Ami ambao kila mwaka unarefuka. Tangu hapo manyunyu hayatusumbui. Mvua ya kumwagika bado inakata, ila picha inarudi mapema. Kama unakaa Pemba, gharama ya dishi kubwa itie katika hesabu tangu mwanzo.

Mpira. Hapa ndipo kifaa kilipojilipia, na ndipo kiliponichekesha. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwetu, uwanja wa Gombani, na mwaka ule zilicheza timu za taifa badala ya klabu. Fainali ya tarehe 13 ilikuwa Zanzibar Heroes na Burkina Faso. Wadogo zangu walikwenda uwanjani, mimi na Mama tukabaki na dishi. Picha safi, watangazaji wamechangamka. Basi tumekaa, mara tukasikia mtaa mzima unaruka, na kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja, mtu anatafuta wa kumpa pasi. Mama akaniuliza wanashangilia nini. Nikamwambia subiri. Sekunde zikapita ndipo goli likaingia na kwetu, tukashangilia peke yetu, majirani wenye redio na jamaa uwanjani wameshamaliza.

Nilimuuliza fundi sababu. Picha inatoka Gombani, inakwenda kwenye mitambo ya kituo, inarushwa hadi kwenye satelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ndipo inashuka Machomane. Kupanda na kushuka huko hakuchukui hata nusu sekunde. Kinachochelewesha hasa ni mitambo inayoibana picha na king'amuzi kinachoifungua. Kwa mechi ya Uingereza hujali, kwa kuwa huna wa kukutangulia. Kwa mechi ya Gombani unajua kila kitu kabla hujakiona. Heroes walishinda 2-1, na magoli yote matatu niliyajua kwa masikio. Wadogo zangu waliporudi, sauti zimewakauka, walinihadithia mechi niliyoitazama nikawa nawasikiliza kwa hamu.

Agosti ya mwaka huohuo, kundi moja la CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, lilipochezwa uwanja wa Amaan, Unguja, hapo dishi lilinipa raha kamili. Sudan, nchi iliyo vitani, ikamfunga Nigeria manne bila jibu. Hilo nililiona pamoja na dunia nzima.

Habari ni jambo jengine. Ilipofika siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, simu zetu zikabaki za kupigiana tu. Dishi halikuzimika. Nikawa nahama baina ya chaneli za ndani na za nje, naangalia kila mmoja anaanza na habari ipi na ipi anaisukuma mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa nikidhani king'amuzi ni kitu cha kupitishia jioni, na mtu mwenye simu hakihitaji. Sisemi hivyo tena.

Lakini ukitaka habari za hapa hapa, barabara gani imefungwa, karafuu zinanunuliwa kwa bei gani, skuli zinafunguliwa lini, utahitaji kituo chetu wenyewe. TVZ ya zamani, sasa ZBC, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ilianza kwa rangi, wakati Bara televisheni zao zilikuja miaka ya 1990. Ami bado anatamba nalo hilo akikutana na mtu wa Dar. Pia ndiko Mama anakopata taarabu asilia yake siku za Idi, kwa sababu chaneli za muziki za kwenye dishi ni Bongo Fleva asubuhi mpaka asubuhi. Na chaneli za bure za ndani kwenye madishi hazina dhamana: mwaka 2018 ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kwa ajili ya masharti ya leseni, na waliokuwa wamelipia wakabaki wanatazamana. Ndiyo maana kile cha antena sikukigawa. Viwili vimekaa pamoja chini ya televisheni, kila kimoja na rimoti yake, na Mama amezifunga vitambaa vya rangi mbili asizichanganye.

Mwenyewe Mama, ukimuuliza, atakwambia dishi linafaa kwa Ramadhani tu. Saa zetu na za Makka ni moja, ila wenzetu mwezi huo huisogeza isha hadi masaa mawili baada ya magharibi. Kwa hiyo akirudi kwenye tarawehe ya msikitini kwetu, anakaa na kikombe chake cha chai akiwatazama wa Makka ndio kwanza wanasimama. Chaneli hiyo hailipiwi, na hata kifurushi kikiisha inabaki.

Vifurushi ndio kero yangu kubwa. Ligi unayoitaka haiko katika kile cha chini, na tamthilia nzuri ikishapata watu huhamishiwa chaneli ya juu. Siku za kifurushi zinahesabika umeme ukiwepo usiwepo, hata ukiwa umekwenda Unguja kuuguza mgonjwa. Wanaweza kuweka namna ya kusimamisha siku, kama wanavyoweza kukukatia dakika ileile zinapoisha.

Ushauri wangu: msimu wa ligi lipia cha kati, ligi ikisimama shuka cha chini, usiongozwe na ujumbe wa ofa. Fundi mtafute wewe, usimngoje wa duka. Lipa asubuhi, maana ukilipa jioni ya mechi kubwa kila mtu analipa na chaneli hufunguka mapumziko.