Tai wa Wakazakhi: tamasha la Oktoba au mawindo ya baridi?
Ukienda Bayan-Ölgii, magharibi mwa Mongolia, ambako wafugaji wa Kikazakhi huwinda kwa tai waliofunzwa, tamasha lao ndilo rahisi kuliona. Hufanyika mapema Oktoba: tai huachiwa kutoka mlimani, akashuka kasi mpaka kwenye glavu ya mwenyewe. Picha tele, watalii tele.

Mawindo yenyewe hungoja theluji, ionyeshe nyayo za mbweha. Mwindaji hukaa kilimani juu ya farasi, mkono ameuegemeza kwenye gongo lililoshikizwa kwenye tandiko, maana tai jike huweza kufika kilo 6. Mbweha akichomoka, tai huvuliwa kofia ya ngozi iliyomziba macho, kisha huachiwa. Siku nyingine watu hurudi mikono mitupu, masikio yamekufa ganzi. Tamasha huwaletea wafugaji fedha, sikatai. Mimi ningechagua baridi.