Wamenifutia Geralt wangu

Naandika hasira zikiwa bado za moto, na sina mpango wa kusubiri zipoe. Kuna sehemu ya kucheza gemu mtaani kwetu, jina silitaji, nimekuwa mteja wake tangu ina televisheni mbili na feni moja. Juzi kati nimeingia, nikalipia saa zangu mbili kama kawaida, nikawasha PS4 ya pembeni, ile ambayo kila mtu pale anajua jioni ni yangu. Jina langu halipo. Wamefuta yuza yangu, yaani akaunti yangu mle kwenye mashine. Na kwenye PS4 yuza ikifutwa, kila ulichosevu kinakwenda nayo.

Ndani mlikuwa na The Witcher 3, gemu ya stori ambayo unamchezea Geralt, mwindaji wa mazimwi. Saa 60 na kitu, zote za kulipia.

Kijana wa zamu hakuinua hata macho kwenye simu. "Yuza zilijaa, kaka, nikapunguza." Nikamuuliza kwa nini yangu na si ya mtu mwingine. Akasema, "Wewe si unasomaga tu maandishi pale? Nusu saa nzima hujampiga mtu." Waliokuwa kwenye Tekken, gemu ya ngumi, wakacheka. Yuza wamenifutia, sawa, ningemeza. Kicheko kile sijakimeza mpaka leo.

Maana ni kweli nilikuwa nasoma. Nilikuwa nasoma habari ya Baron, mlevi aliyempiga mkewe mpaka mimba ikatoka, kisha akamzika mtoto bila kumpa jina. Mtoto yule akageuka zimwi. Kuna njia ya kulimaliza bila kuliua: Baron anambeba mikononi usiku, wewe unatembea kando yake polepole, mizuka ikiwavamia unaikata mpaka mfike nyumbani. Pale anampa jina, Dea, anamwomba radhi, anamzika chini ya kizingiti. Nilikuwa nafuata maneno ya chini ya kioo moja moja, Kiingereza changu si cha kukimbia nacho, na mikono ilikuwa inatetemeka kwenye pedi. Wenyewe wanaita hiyo kusoma tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayelipia kwa saa: gemu za stori achana nazo. Cheza za ngumi. Raundi ikiisha imeisha, hakuna wa kukufutia kitu. Tekken 7 naipenda kwa dhati, nachezea King, yule mpiganaji wa mieleka mwenye barakoa ya kichwa cha jagwa. Mkibaki na damu kiduchu wote wawili mkarusha pigo kwa pamoja, picha inaanza kwenda taratibu, chumba kizima kinanyamaza, wa kwenye benchi wanasimama. Hakuna gemu nyingine inayonipa sekunde zile mbili. Na mtu asidharau sehemu kama hizi: Arslan Ash, bingwa wa Tekken, ametokea Lahore, Pakistani, kwenye vyumba vya gemu vya mtaani, na 2019 akabeba Evo Japan na Evo ya Las Vegas mwaka huohuo, mashindano makubwa ya gemu za ngumi.

Mortal Kombat 11, nayo ya ngumi, siisifii sana. Lile pigo kubwa linafunguka damu yako ikishuka chini ya asilimia 30, kwa hiyo unamfundisha mtu adabu mechi nzima, halafu anakugeuzia kibao kwa vitufe viwili. Na hapo ndipo nakumbuka nani hasa huwa wanakaa kwenye zile televisheni za gemu za ngumi. Kwenye Tekken wanachagua Eddy, mpiganaji wa mateke, wanabonyeza ovyo, miguu inazunguka hewani, wakishinda wanakutukania na ukoo. Hao ndio walionicheka. Nimecheza nao mamia ya mechi na sikumbuki hata moja iliyonifanya nilale nikiwaza.

Elden Ring nayo ni ngumu kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupata, ukifa unaacha runi zako zote chini, ile hela ya mle ndani. Lakini zinabaki palepale ulipoangukia, zinang'aa, zinakungoja. Ukirudi bila kufa tena, unaziokota. Gemu yenye sifa ya ukatili dunia nzima inakupa nafasi ya kurudishiwa chako. Yule kijana hakunipa hata dakika moja ya kuulizwa.

Basi nafuta ule ushauri wa juu. Chezeni za stori, chezeni popote mtakapopata umeme na kiti. Sitamruhusu mtu mwenye simu mkononi aniamulie kipi ni gemu na kipi si gemu. Sehemu yenyewe naipa nyota moja, na hiyo ni ya feni.

Nilikuwa nimeapa sirudi. Jana mwenye mali amenifuata mpaka nyumbani, mzee wa watu, akakaa kwenye ngazi na kusema, "Mwanangu, nimeambiwa, na mimi imeniuma." Akanipa saa kumi bila malipo. Saa kumi si 60, nikamwambia hivyo, naye hakubisha. Basi mpe nyota mbili. Kijana bado yupo, bado hajasema samahani. Nimefungua yuza mpya, nimeandika jina langu na chini yake USIFUTE. Nipo White Orchard, kijiji cha mwanzo kabisa wa The Witcher 3, hata yule griffin, zimwi lenye mabawa, sijamuua.