Daftari la Jupyter kwa picha za kale za Mombasa: linafaa, ila lina masharti yake

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale: tunaanzia Ngomeni, tunapita Ndia Kuu, tunateremka hadi bandari ya kale. Mgeni wa siku hizi haridhiki na maneno matupu, anataka kuoneshwa palivyokuwa. Ndipo nikajitosa kwenye madaftari ya Jupyter, na kwa vile wenzangu kadhaa wameniuliza kama yana faida au ni mambo ya vijana wa chuo, naandika hapa nisirudie kila siku.

Daftari lenyewe ni ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, umegawanywa seli seli. Nyingine zina maelezo ya kawaida, nyingine zina msimbo wa Python, lugha ya kuiagiza kompyuta. Unabonyeza Shift na Enter, jibu linatokea papo hapo chini ya seli: jedwali, grafu, hata picha. Mimi hulifungulia Google Colab, huduma ya Google ya kuendeshea madaftari haya mtandaoni, toleo la bure. Kazi nzito hufanyika kwenye kompyuta zao huko, si kwenye leptopu yangu ambayo feni yake huunguruma hata nikifungua barua pepe. Ukiwa na akaunti ya Google na bando, yatosha.

Nilianza na Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, kwa sababu hawadai ufunguo (namba ya siri ya kuombea data) wala usajili. Unachukua anwani ya utafutaji wao, www.loc.gov/photos/?q=mombasa, unaongezea &fo=json, na badala ya ukurasa wenye mapambo unapewa data tupu. Ukitia na &c=100 unapata hadi matokeo mia kwa mkupuo. Msimbo wa kwanza alinitengenezea mpwa wangu, nami nikawa nabadilisha neno hapa, namba pale. Maktaba yenyewe pia imeweka madaftari ya mfano kwenye GitHub, tovuti ya kushirikiana msimbo, kwa hiyo asiye na mpwa asikate tamaa.

Utamu uko kwenye jedwali ambalo msimbo hulipanga kutokana na data hiyo. Kupekua picha moja moja kwenye tovuti hula bando na kuchosha macho, tena ukifika ya arobaini umeshaisahau ya tatu. Jedwali ni maandishi tu, jepesi: kichwa, tarehe, mkusanyo, kiungo. Nilipolipanga kwa miaka nikaona 1936 inajirudia. Kumbe mwaka huo wapiga picha wa American Colony, jumuiya ya Wakristo iliyokuwa na makao Jerusalem, walizuru Afrika Mashariki, na kazi yao imo kwenye mkusanyo wa picha wa maktaba hiyo uitwao Matson. Sasa ukikumbuka kwamba Ngome ya Yesu ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, unaelewa kwamba waliofika 1936 waliikuta ina wafungwa ndani. Hilo wageni wangu hulipenda kuliko habari za Wareno.

Lakini kilichonifanya nisiache ni safu niliyoiongeza mwenyewe. Nilichapisha picha kadhaa nikazipeleka barazani baada ya Alasiri. Picha moja ya mtaa, maelezo yake ya Kiingereza hayakuzidi mstari mmoja. Ami mmoja akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Mwanangu, mlango huu mbona hauna mfaa?" Mfaa ni ule ubao wa katikati ya mlango. Kwa nini, ami? "Basi huu si mlango wa nyumba. Hapa palikuwa na duka, ukibisha kamuulize mamako." Wakaanza kubishana duka la nani, chai ikapoa. Usiku nikafungua daftari, nikaunda safu mpya nikaiita "wazee_wasema", na nikayaandika yote, ubishi pamoja. Kumbukumbu za maktaba haziguswi. Jedwali ni langu, lakini namba ya picha ni ileile yao, kwa hiyo najua neno la nani limekaa wapi. Kwenye tovuti ya kawaida, hilo ungelifanyia wapi?

Masharti sasa. Colab ya bure hukata kikao ukikiacha kimya muda mrefu. Daftari hubaki kwenye Google Drive, hifadhi yako ya mtandaoni, ila faili ulizozipakua ndani ya kikao hupotea, kwa hiyo hifadhi jedwali lako kama CSV, faili nyepesi ya jedwali, kabla hujaenda kuswali. Usiiombe maktaba kurasa nyingi kwa pupa, watakufungia kwa muda. Weka mapumziko kidogo ndani ya msimbo. Picha zenyewe zitazame kwanza zikiwa ndogo, maana faili za TIFF ni kubwa na zinafaa tu ukitaka kuchapisha. Haki za matumizi zisome kwenye ukurasa wa kila picha kabla hujaiuza kwenye kadi. Na utafute "Mombassa" pia, kwa s mbili, kama walivyozoea kuandika zamani, kisha uunganishe majedwali mawili na kufuta yanayojirudia.

Ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza na ni mrefu kupita kiasi. Soma mstari wa mwisho tu, ndio wenye habari.

Daftari hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku makusanyo ya kwetu hapa pwani nayo yatakapofunguka kwa njia hiihii, niulize picha na hati zetu bila kupitia Washington.