Kahawa, kapsuli na vipande vya kuchemsha: miezi minne ya kutumia uyoga wa lingzhi

Nilianza kutumia lingzhi, uyoga ambao mawakala wa hapa kwetu hupenda kuutaja kwa jina lake la kitaalamu, Ganoderma, kwa sababu ya uchovu wa mchana. Mimi ni mhasibu, nina umri wa miaka 51, ninaishi Moshi, na kwa takribani mwaka mzima kila ilipofika saa nane mchana nilijikuta nikisoma safu moja ya tarakimu mara tatu bila kuielewa. Vipimo vya damu, ikiwemo sukari, havikuonyesha tatizo lolote, na shinikizo la damu nililonalo linadhibitiwa kwa kidonge kimoja cha asubuhi. Ndugu wa mke wangu, ambaye ni wakala wa biashara ya mtandao, alinikuta siku moja nimesinzia sebuleni na gazeti kifuani, akasema, "Shemeji, huu si uzee, ni mwili kukosa virutubisho," kisha akafungua mkoba.

Alichotoa kilikuwa kahawa ya unga katika pakiti ndogo, boksi la pakiti 20 kwa shilingi 45,000, pamoja na karatasi ya rangi iliyoorodhesha maradhi yanayotibika: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ugumba, kansa na mengine mengi. Mwarobaini wetu umeridhika na maradhi arobaini, lakini kahawa hii ilikuwa imeyapita hayo kabla sijageuza ukurasa wa pili. Hata hivyo nilinunua maboksi matatu, kwa sehemu kwa sababu ya uchovu na kwa sehemu kwa sababu shemeji yako akishafungua mkoba sebuleni kwako si rahisi kumwambia aufunge.

Nikiri kwamba wiki ya kwanza ilinifurahisha. Kikombe cha asubuhi kilinichangamsha, na hata ile saa nane ya mchana ilipita bila kusinzia. Tatizo lilikuwa kikombe cha pili, ambacho niliagizwa ninywe saa moja usiku, kwa maana kilinifanya nihesabu mabati ya dari hadi saa saba. Nilipompigia wakala alinieleza kwamba mwili ulikuwa unatoa sumu na kwamba nivumilie. Nilivumilia siku tisa, kisha nikaacha kikombe cha usiku, na sumu zikaacha kutoka usiku uleule.

Hapo ndipo nilipochukua pakiti na kuisoma kama ninavyosoma hati ya malipo. Ilikuwa na gramu 21, na viambato vilipangwa kwa kawaida ya vyakula vya viwandani, yaani kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo: krimu, sukari, kahawa, na mwisho kabisa dondoo ya Ganoderma, bila kutajwa ni kiasi gani. Mtu anayeishi chini ya mlima ambao mibuni yake inajulikana duniani kote alikuwa akilipa shilingi 2,250 kwa kikombe kimoja cha kahawa ya kigeni yenye sukari nyingi, akiamini kwamba kinachomwamsha ni uyoga.

Sikutaka kuhukumu kwa hasira, kwa hiyo nilimwomba mke wangu anisaidie kufanya jaribio. Kwa siku 14 alinitengenezea kikombe kila asubuhi bila mimi kuona, siku saba kwa pakiti ya uyoga na siku saba kwa kahawa ya kawaida ya unga, maziwa ya unga na sukari, akiandika katika daftari ni siku ipi ametumia kipi. Kila ilipofika saa nne asubuhi nilijipa alama kati ya 0 na 10 kwa jinsi nilivyojisikia. Tulipojumlisha, siku za uyoga zilipata alama 47 na siku za kahawa tupu zilipata 48, na kukisia kwangu kulikuwa sahihi siku nane tu. Siku 14 za mtu mmoja si utafiti, lakini zilinitosha kuamua kutonunua boksi la nne.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba kuukataa uyoga kwa sababu ya kahawa ile kungekuwa kosa jingine, kwa kuwa karibu sikuwa nimeuonja. Lingzhi, ambao Wajapani huuita reishi, ni uyoga mgumu kama gome, wenye umbo la figo na rangi nyekundu ya kahawia inayong'aa kana kwamba umepakwa vanishi, na huota kwenye mashina ya miti. Hauliwi kama mamama au kama uyoga wa kichuguu, kwa sababu hautafuniki. Wachina wameutumia kwa karne nyingi kwa kuuchemsha, na katika vitabu vyao vya kale vya dawa umewekwa katika daraja la juu, pamoja na dawa za kutumiwa muda mrefu ili kuhifadhi afya.

Bidhaa yangu ya pili ilikuwa kapsuli, 90 kwa shilingi 75,000, nilizonunua katika duka la virutubisho mjini na kuzitumia kwa mwezi mmoja, tatu kwa siku. Sikuona mabadiliko yoyote, si mazuri wala mabaya. Siku moja nilifungua moja, nikalamba unga wake, nikashangaa kuona hauna uchungu, ilhali uyoga huu una kemikali za kundi la triterpeni ambazo huufanya uwe mchungu sana. Kifungashio kilieleza kwamba unga huo umetokana na nyuzi za uyoga zilizooteshwa kwenye nafaka. Waliowahi kulima mamama wataelewa haraka: mbegu tunazonunua kwa ajili ya kupanda ni mtama au ngano iliyotandwa na nyuzi nyeupe, na ukikausha mchanganyiko huo na kuusaga, sehemu kubwa ya utakachopata inaweza kuwa nafaka. Nilichemsha unga wa kapsuli mbili, nikauacha upoe, nikadondoshea ayodini ya kusafishia vidonda. Maji yakageuka bluu iliyokaribia weusi, jambo ambalo kila mwanafunzi wa sekondari anajua ni dalili ya wanga. Uyoga wenyewe hauna wanga wa kufanya hivyo.

Sikuwa wa kwanza kupatwa na hili. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa nchini Marekani, na ni tano tu ambazo yaliyomo yalilingana na yaliyoandikwa kwenye kifungashio. Ikiwa hali ni hiyo huko, mnunuzi wa Moshi ana sababu zaidi ya kuwa makini. Boksi la kahawa halikuwa na namba yoyote ya usajili, na nilipomuuliza wakala kama bidhaa yake imepita Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, alijibu kwamba haihitaji kwa kuwa ni chakula lishe, si dawa. Nilimkumbusha ile karatasi yenye kansa na ugumba. Akasema, "Shemeji, wewe unapenda kuhesabu sana." Hata kama ni chakula, usalama wa chakula ni jukumu la Shirika la Viwango Tanzania, na alama ya shirika hilo pia sikuiona.

Bidhaa ya tatu sikuinunua hapa. Mpwa wangu, ambaye huenda Guangzhou kufuata mizigo ya duka lake, aliniletea nusu kilo ya vipande vilivyokaushwa, na ndivyo ninavyoweza kuvisifu kwa kiasi. Nachukua vipande vitatu au vinne vyembamba, ambavyo kwenye mizani ya jikoni ni kama gramu tano, nachemsha kwa moto mdogo kwa saa mbili katika lita moja ya maji hadi yabaki nusu, kisha nakunywa kikombe kimoja jioni. Maji yake ni ya kahawia na ni machungu kwelikweli, uchungu wa majani ya mwarobaini unaobaki nyuma ya ulimi hata baada ya kula embe. Nilipoyajaribu kwa ayodini hayakugeuka rangi.

Kwa wiki sita nilizokunywa, nguvu za mchana hazikuongezeka kwa namna ninayoweza kuiapia. Kilichobadilika ni usingizi: nililala mapema zaidi na kuamka mara chache usiku, na uchovu wa saa nane ukapungua kidogo. Lakini katika wiki hizohizo nilikuwa nimeacha kahawa ya jioni, na mtu anayekaa jikoni saa mbili akichunga sufuria hachezi na simu, kwa hiyo siwezi kuupa uyoga sifa yote. Katika utafiti mmoja wa China uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 132 wenye uchovu wa neva walitumia dondoo ya lingzhi au dawa bandia ya kulinganishia, yaani isiyo na tiba yoyote ndani yake, kwa wiki nane. Waliopata lingzhi walipata nafuu zaidi, ila waliopewa bandia nao uchovu wao ulipungua. Kuhusu sukari na presha, mapitio ya mwaka 2015 ya majaribio matano yenye washiriki 398 hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake, na hilo ndilo lililonifanya nisiguse kidonge changu cha asubuhi, ingawa wakala alinishauri nikipunguze "taratibu".

Jambo moja nalisema kwa uzito. Mama yangu, ambaye anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, alipoona sufuria alisema, "Mwanangu, na mimi nichemshie." Kabla ya kumpa nilimuuliza mfamasia, naye akakataa katakata, kwa sababu lingzhi yenyewe inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda na viwili hivyo vikikutana mgonjwa anaweza kuvuja damu. Zipo pia taarifa za watu waliopata madhara ya ini baada ya kutumia unga wake. Hakuna lolote kati ya haya lililokuwemo kwenye karatasi ya rangi.

Vipande vilivyobaki vitanifikisha mwisho wa mwaka, na nitaendelea kuvichemsha siku mbili au tatu kwa wiki, zaidi kwa ajili ya usingizi. Kapsuli nilizitupa. Kahawa iliyobaki iko kabatini, tunawapa wageni, na wote huisifu kwamba ni tamu.